Pikipiki Isiyojua Kuamkia

Usiku wa kuamkia leo niliota shokapu za nyuma za pikipiki yangu wamekaa sebuleni kwangu wanakunywa chai.

Sikushangaa. Nyumba yangu haijawahi kukosa wageni, na mgeni kwangu haulizwi kaletwa na nini. Nilichofanya ni kutikisa kopo la sukari kusikia kama imebaki, kisha nikavuta kigoda nikakaa nao.

Walikuwa pacha. Wa kushoto anaitwa Kulwa, wa kulia anaitwa Doto. Wote wawili walikuwa wamefungwa mipira ya tyubu kuanzia shingoni hadi kiunoni, vilevile nilivyowafunga mwenyewe kwa mikono yangu. Kwa hiyo hawakuweza kuinama. Kikombe kilikuwa mezani na mdomo ulikuwa juu, na kikombe hakipandi wala mdomo haushuki.

"Karibuni sana," nikasema. "Habari za huko chini?"

"Za chini utuulize sisi?" akasema Kulwa. "Tangu utufunge hatujafika chini."

"Mimi hata nimesahau kukoje," akasema Doto.

"Tumekuja kukuambia kwamba kesho hatufanyi kazi," akasema Kulwa. "Chai nzuri, lakini."

Alisema nzuri na hajaionja. Ni shokapu wenye adabu.

Hapa nieleze kidogo, usije ukanidhania mtu mkatili. Huku kwetu juu, Njombe, pikipiki inabeba viazi. Na viazi vyetu havipandi kwenye gunia la kawaida, vinapanda kwenye lumbesa, lile gunia lililojazwa likafurika halafu likashonewa kofia. Ukiweka lumbesa kwenye shokapu laini, pikipiki inakaa chini kama mbwa, tairi ya nyuma inasugua matigadi, lile bati la juu yake. Ndiyo maana kijiweni kwetu sote tunafunga springi kwa mipira ya tyubu. Ile ringi ya chini ya springi tunaipandisha hadi ngazi ya mwisho, na upepo tunajaza mpaka tairi ukiigonga inalia kama debe. Bingwa wa kufunga ni rafiki yangu Gaudensi. Ya kwake ukiikalia umekalia jiwe la kusagia. Tunapita tunasifiana, "Ngumu hiyo, baba!" na mwenye pikipiki anafurahi. Viazi havijawahi kulalamika.

Shida ni kwamba kesho yake, yaani leo, nilikuwa sibebi viazi. Nilikuwa nambeba Anyesi, mke wangu.

Anyesi ana mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilitoka, hatuisemi. Kwa hii, nesi alimwambia asisubiri uchungu nyumbani, aende mapema akakae kwenye kituo cha afya kule bondeni, karibu na wakunga. Gari huku halifiki, daraja lilichukuliwa na maji masika. Pikipiki inapita juu ya magogo. Sasa jana jioni, mbele ya mama yake, majirani na kila aliyekuwa anakula ugali wangu, Anyesi akasema: "Kwenye hiyo pikipiki sipandi. Nilipanda siku moja kwenda gulioni, nikahisi meno yamebadilishana nafasi. Na huyu wa tumboni je? Mimi nitatembea."

Kutembea ni kushuka mlima mmoja na kupanda mwingine, kisha kushuka tena. Wote waliokuwepo walijua hafiki. Mama mkwe aliniangalia tu, halafu akaangalia pikipiki iliyoegeshwa ukumbini, halafu akaniangalia tena. Nililala na lile jicho.

Tuendelee na ndoto.

"Kesho hamwezi kugoma," nikawaambia pacha. "Kesho nina mtu."

"Tunamjua," akasema Doto. "Ndiyo maana tumekuja kabla. Viazi tumekubebea. Huyo hatumbebi tukiwa tumefungwa hivi."

"Nikiwafungua mtalegea."

"Nani kakwambia kulegea ni kosa?"

Nikataka kujibu, lakini sebule ikawa imeshakuwa barabara. Haikubadilika, ilikuwa tu barabara. Kochi langu lina usukani. Naendesha. Anyesi yuko nyuma yangu amenishika kiuno, na nyuma ya Anyesi wamepanda wageni wangu wote, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Siti ilikuwa inawatosha. Nilifurahi kuona hakuna aliyeachwa.

Mbele kuna tuta. Nasogea, naona tuta limejifunika blanketi. Nasogea tena, naona ni mama mkwe wangu. Amelala barabarani kifudifudi kutoka mtaro hadi mtaro. Mbele yake kuna tuta jingine, na lenyewe ni mama mkwe. Barabara nzima mpaka bondeni, pale palipo na tuta ni yeye, na pale palipo na rasta, yale matutamatuta madogo yanayofuatana, ni yeye amejipanga.

"Mama, samahani, tunapita," nikasema.

"Piteni," akasema. "Si barabara?"

Nikapita. Pikipiki ikamkanyaga imenyooka wima, haikuinama hata unywele. Pigo likapanda moja kwa moja kutoka kwenye tairi, likapita kwa Kulwa na Doto kama watu wawili wanaosindikiza mgeni, likafika kwenye siti, likamwingia Anyesi. Anyesi akasema "Mh!"

Mama mkwe akainua kichwa kutoka kwenye blanketi.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Hiyo pikipiki yako haiamkii?"

Nikaona aibu. Huku kwetu mtu akikutana na mkubwa anashuka kidogo. Goti linakunjika, mgongo unainama, ndipo anasema kamwene, salamu yetu. Kwa mama mkwe ndiyo usiseme, unashuka mpaka nguo ipate vumbi. Na mimi nimempitia mama mkwe juu ya mgongo na chombo kisichokunja goti.

"Imefungwa, mama," nikasema. "Kwa sababu ya viazi."

"Mimi kiazi?"

Kabla sijajibu, nikasikia sauti ndogo, kavu kidogo, inatoka tumboni kwa Anyesi.

"Nani anabisha hodi?"

Nikasimamisha pikipiki. Wageni wote wakatega masikio. Nawajua wageni wangu.

"Hakuna mtu," nikasema. "Ni barabara."

"Nimesikia mtu anabisha," akasema mtoto. "Niko hapa nimevaa helmeti, niko tayari. Nifungue?"

"Usifungue! Bado mwezi mzima."

"Mzee, mimi nimelelewa. Mtu akibisha hodi nyumbani kwangu, anafunguliwa."

"Umelelewa lini na hujazaliwa?"

"Kwani unadhani mama anaongea na nani mchana kutwa? Najua mpaka aliyevunja sufuria ya Mama Skola wa jirani na kumsingizia paka."

Wageni wakaangaliana. Mmoja akaweka kikombe chini.

"Hii nimeiacha ipite," akasema mtoto. "Ya pili nitaiacha pia, maana labda mtu amekosea nyumba. Lakini ya tatu, baba, nafungua mlango. Nitaonekanaje kwa watu?"

Akaniita baba. Ndiyo mara ya kwanza. Nikajifanya naangalia tairi.

Nikashuka na kisu. Nikakata mipira yote ya tyubu kwa Kulwa na kwa Doto, nikazungusha ile ringi ikashuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka chini kabisa. Pacha wakavuta pumzi. Wakashuka, wakapanda, wakashuka. Doto akaanza kulia. "Kumbe chini bado kuko palepale," akasema.

"Haya, twendeni," nikasema, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Mama mkwe wa pili yuko mbele, amelala vilevile. Nasogea. Pikipiki inainama vizuri sana mbele yake, na mimi moyoni nasema, leo nimekuwa mkwe. Lakini ilipoinama ikaruka juu. Ikashuka tena, ikaruka tena, juu chini, juu chini, mbele imezama nyuma imepanda, nyuma imezama mbele imepanda. Chai ya wageni ikamwagika kwenye mapaja yao. Kila mtu akawa anaitika kwa kichwa kitu ambacho hakijaulizwa.

"Mkwe!" akasema mama kutoka chini.

"Naam, mama!"

"Unaniamkia au unanichezea? Mtu anashuka na kuruka hapohapo kama ameona nyoka! Mjusi ndiye anaamkia hivyo."

"Ndiyo kwanza inajifunza, mama!"

"Ikajifunzie kwa mama yako!"

Na ndani ya tumbo: "Huyo sasa hajakosea nyumba. Anapiga mlango kwa mikono miwili."

"Vumilia, mwanangu!"

"Navumilia. Nimeshika komeo tu, sijavuta."

Anyesi alinishika kiuno kwa nguvu zaidi, akaweka kichwa chake mgongoni kwangu. Nikajua anaogopa ile tusiyoisema.

Nikaitazama miguu ya mbele ya pikipiki, yale mabomba mawili yanayoshika tairi. Miguu ya mbele ikakohoa. Kwenye sili zake, zile raba za kuzuia oili, ulikuwa unachuruzika uji mweusi.

"Usituangalie hivyo," ikasema, kwa sauti ya mtu anayesukutua. "Unatunywesha oili hii hii tangu ulipotununua. Hata wewe ungelewa."

Nikageuka nimuulize Gaudensi afanyeje mtu hapo, maana nilikuwa nimeshafika kijiweni. Sijui nilifikaje, na abiria wangu wote bado wako nyuma.

Gaudensi alikuwa amesimama katikati ya kijiwe. Wenzetu walikuwa wamemzunguka wanamsifu. Alikuwa amefungwa mipira ya tyubu kuanzia shingoni hadi kiunoni, imekazwa kabisa, na fundo liko nyuma ambapo mkono wake haufiki.

"Ngumu hiyo, baba!" wenzetu wanasema.

"Ngumu," anajibu. Lakini jasho linamtoka.

Mbele ya miguu yake kuna mwanawe, yule mdogo anayejifunza kutembea. Ameinua mikono miwili juu, anataka kubebwa. Gaudensi anamwangalia kwa macho tu, kwa sababu shingo haishuki.

"Fide," akaniambia kwa sauti ya chini ili wenzetu wasisikie. "Siwezi kuinama."

"Tangu lini?"

"Nilidhani ni uimara. Kila mtu ananisifia. Mtoto amesimama hapo tangu asubuhi, Fide. Mikono imechoka na haishushi."

Nikazunguka nyuma yake. Fundo la Gaudensi ni fundo la Gaudensi, halikubali kucha wala meno. Nikalikata kwa kisu. Nilitegemea atajirusha chini mara moja amnyakue mtoto. Hakufanya hivyo. Mgongo ulikuwa umekaa wima muda mrefu, na aliuogopa. Akashuka polepole, goti kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, mpaka uso wake ukafika kwenye uso wa mtoto. Akamchukua. Halafu akapanda polepole vilevile, kama mtu aliyebeba beseni la maziwa, na alipofika juu akatulia. Mtoto alikuwa ameshalala.

Kijiweni hakuna aliyesema ngumu wala laini.

"Umeona?" akasema Doto kutoka nyuma ya pikipiki.

"Nimeona," nikasema.

Nikamwaga uji mweusi kutoka miguu ya mbele. Nikatia oili mpya, nzito kidogo, ile inayomzuia mtu asirudi juu kwa pupa. Kulwa na Doto nikawapandisha ngazi moja tu kutoka chini, siyo zaidi, wapate mahali pa kusimamia. Kwenye tairi nikatoa upepo hadi ukibonyeza kwa kidole gumba inakujibu.

"Nitakaa juu yenu na mke wangu, bila lumbesa," nikawaambia pacha. "Mnabonyea kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu anayesogea kumpisha mwingine kwenye benchi," akasema Kulwa. "Akikaa, unashuka kidogo. Lakini nafasi nyingine unaibakiza, maana njiani kuna wakubwa."

Mama mkwe wa mwisho alikuwa kwenye magogo, pale daraja lilipokuwa. Huyu hakulala. Alikuwa amejikunja akawa mkubwa kuliko wengine wote waliotangulia, na blanketi lake lilikuwa na majani na matope ya mto. Ng'ambo nilikuwa naona bati la kituo cha afya na nguo nyeupe za manesi zimeanikwa.

Ndani ya tumbo nikasikia komeo linagusa chuma.

"Baba," mtoto akasema. "Nasikiliza."

Siendi kasi. Sisimami kwenye siti wala sijikazi mikono. Nasogea kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye msiba. Tairi ya mbele inamgusa mama begani, na miguu ya mbele inakunjika. Pikipiki inapiga goti. Kulwa na Doto wanashuka, wanashuka, wanafika mahali ambapo hawakufika tangu wafungwe, na hapo kwa sauti moja wanasema, "Kamwene, mama."

Kisha wanapanda. Wanapanda taratibu kama Gaudensi na mwanawe, na wanapofika juu wanatulia. Nyuma yangu vikombe vyote vimejaa na hakuna tone lililomwagika. Mgeni mmoja hata alikuwa anahadithia kitu na hakukatisha.

"Kamwene, baba," akasema mama mkwe. Sauti yake ilitoka chini ya tairi, imetulia kabisa.

Tukavuka. Wote tukawa tunasikiliza tumbo. Mto ulisimama nao usikilize.

"Vipi huko?" mtoto akauliza baada ya muda. "Kuna mtu amebisha?"

"Hakuna aliyebisha," nikasema.

"Nilidhani nimesikia mtu anaamkia."

"Alikuwa anaamkia tu. Amepita."

"Basi nalala. Nikifika mniite kwa jina." Na nikasikia komeo linaachiwa.

Nikataka kumuuliza jina gani, na hapo nikaamka.

Mwanga ulikuwa umeshaingia dirishani. Anyesi alikuwa hayupo kitandani. Nikamkuta ukumbini amekaa kwenye kigoda anafunga viatu vya kutembelea, raba zangu za zamani, kamba hazifiki kwa sababu ya tumbo. Sikumwambia kitu. Nilichukua spana, kisu na ile chupa ya oili iliyokuwa juu ya kabati, nikatoka na pikipiki uani, nikafanya vilevile nilivyofanya kijiweni kwenye ndoto, kwa mpangilio uleule. Majirani walianza kukusanyika kuangalia, maana kwangu hata mtu akichemsha maji kuna watazamaji. Mmoja akasema, "Unailegeza? Gaudensi akikuona!" Nikasema aje aone.

Nilipomaliza nikamwita Anyesi.

"Sipandi," akasema kutoka mlangoni.

"Usipande kwenda. Kaa tu. Injini sijawasha."

Akasogea kwa shingo upande, raba moja imefungwa na nyingine haijafungwa. Akakaa kwa ubavu, mkono mmoja begani kwangu, mwingine tumboni. Pikipiki ikashuka kidogo chini yake, ikatulia hapo.

Anyesi akajiinua, akakaa tena. Ikashuka tena, ikatulia.

"Imefanya nini?" akaniuliza.

"Imekupisha."

Nikaisukuma kwa mikono nikaipitisha juu ya lile jiwe la kwenye lango letu, tairi ya mbele kisha ya nyuma, na yeye akiwa juu. Mkono wake begani kwangu haukukaza. Alibaki ameduwaa, ameshika tumbo, anasikiliza.

"Amelala," akasema. "Fide, amelala. Hajashtuka." Halafu akageukia majirani, akajifuta macho kwa kiganja. "Mnaangalia nini? Mtu aniletee begi langu."

Begi lilikuja na mama mkwe. Aliniwekea juu ya tangi, akalibana mwenyewe. Nikashuka mpaka goti likapata vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alikuwa ameshika kiuno kama mtu aliyelala vibaya. "Nendeni taratibu. Tutaonana njiani."

Nilitaka kumuuliza njiani wapi, kwa sababu tulikubaliana yeye anabaki na nyumba na wageni. Lakini alikuwa ameshageuka anarudi jikoni.

Mgongoni kwenye kitenge chake, kutoka begani hadi kiunoni, kulikuwa na alama tatu za tairi yangu ya mbele. Ya kwanza ilikuwa nzito, nyeusi, imekandamiza. Ya pili ilikuwa imekatikakatika, kama ya kitu kilichokuwa kinarukaruka. Ya tatu ilikuwa vumbi jepesi tu, na ile ndiyo peke yake aliyokuwa hajajaribu kuikung'uta.